Bei ya Kambare wa Shanga

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kununua kambare, na muuzaji alikuwa pampu ya hewa.

Asiyenijua asije akadhani nililala na homa. Jina langu ni Sudi. Natunza samaki wa mapambo katika nyumba moja ya kusafirisha samaki hapa Kigoma, wale wanaofugwa kwenye matangi ya vioo ili watu wawatazame huku wakinywa chai. Tunayo matangi mia moja na kumi na mawili. Katika lile la mwisho, karibu na mlango wa stoo, wanakaa kambare wa shanga wawili, dume na jike. Kambare huyu hazidi urefu wa kidole cha kati. Ni mweusi, ana sharubu sita, na madoa meupe yamejipanga kutoka kichwani hadi mkiani. Kila mgeni huinama kumtazama, kisha huinuka na kuuliza: kisamaki hiki kinauzwaje bei ya ng'ombe? Huwa najibu kwamba anayetaka nyama aende buchani. Tajiri hapendi nikijibu hivyo, lakini swali lenyewe linanichosha.

Katika ndoto mwenye swali nilikuwa mimi. Nilivaa shati langu la Idi na viatu vilivyopigwa rangi, nimesimama mbele ya meza ya kufungashia. Upande wa pili wa meza pampu ilikuwa imekaa kwenye kiti cha tajiri, imevaa miwani.

"Namtaka kambare wa shanga," nikasema.

Pampu ilisema maneno mawili, ikapumua, ikasema mengine mawili. "Unampelekea ... mtu gani?"

"Shemeji yangu Bukuru. Mume wa dada yangu Mwavita."

"Amewahi ... kumwona?"

"Gizani tu."

Hilo ni kweli hata nje ya ndoto. Bukuru alikuwa mzamiaji wetu, na ndiye aliyewakuta kambare hawa, mita hamsini chini ya ziwa, kwenye ufa mmoja wa mwamba mmoja. Miaka mitatu iliyopita alipanda juu kwa haraka kutoka kilindini, na tangu siku hiyo miguu yake haimsikii. Anakaa kwenye kiti cha magurudumu barazani kwake Ujiji, anasuka vyavu vidogo vya kukamatia samaki. Wale wawili walio hai kwenye tangi, waliopandishwa baada yake, hajawaona, kwa sababu ngazi za kuingilia kazini kwetu ni kumi na moja. Watu husema aliponzwa na pupa. Yeye mwenyewe husema hivyo hivyo, maana siku ile haikumbuki. Aliyeshika kamba yake mashuani nilikuwa mimi. Hilo linajulikana na kila mtu, na hakuna aliyewahi kuniuliza zaidi.

"Bei gani?" nikauliza.

"Mita ... hamsini."

Nikapekua mifuko. Nilikuwa na mita tatu, na moja ilikuwa imelowa. Niliziweka mezani, pampu ikazitazama kwa miwani, ikazirudisha.

"Naweza kulipa kidogo kidogo?"

"Hulipwa ... hivyo hivyo. Kushuka ni ... bure. Utalipa ... ukipanda."

Niliona ni haki kabisa. Pampu ikazunguka meza, ikanifunga kamba kiunoni kwa fundo letu la kazini, mizunguko miwili na kitanzi. Ikanikabidhi ndoo nyeupe yenye matundu na mfuniko, ile tunayopandishia samaki. Nikauliza ni nani aliyeshika upande wa juu wa kamba. Pampu ikavuta pumzi ndefu, na badala ya kujibu ikafungua dirisha. Ziwa likaingia.

Ninashuka. Sina mtungi wa hewa na wala siuhitaji, jambo ambalo halinishangazi. Shati la Idi linanipanda kifuani na kila mara nalishusha, kwa kuwa sitaki kufika kwa watu nimevaa ovyo. Maji yanakuwa ya kijani, kisha ya bluu, kisha hayana rangi. Chini kabisa upo ule mwamba, na kwenye mwamba upo ufa, na kwenye ufa umewekwa mkeka wa kukaribishia mgeni.

Mlango ulikuwa umezibwa na mkia wa kambare. Alikuwa mkubwa kama mimi.

"Hodi," nikasema.

"Zima tochi," akasema.

Nilitaka kumwambia sina tochi. Nikatazama mkono wangu, ninayo, na inawaka.

"Ni wewe," akasema bila kugeuka. "Nilikujua kwa mwanga."

Nami nilimjua. Alikuwa dume wetu wa tangi la mwisho, na kesi yetu ni ya mwaka jana. Kambare wa shanga hatagi mpaka aamini kwamba mvua zimeanza. Kwenye tangi mvua haiingii, kwa hiyo mvua nilikuwa mimi. Kila asubuhi nilipanda kwenye stuli na keni ya kumwagilia bustani, nikawanyunyizia maji ya baridi, na kwa mkono wa pili nikatikisa kipande cha bati ili wasikie ngurumo. Wenzangu walinicheka sana. Siku ya arobaini na tatu jike akataga mayai tisa ndani ya bomba la udongo. Samaki wengine hutaga mamia. Huyu hutaga tisa, baada ya kusubiri miaka mitano akue. Dume akaingia kwenye bomba, akaziba mlango kwa mkia, akaanza kuyapepea mayai kwa mapezi. Siku ya kumi na moja tajiri akataka kujua idadi ya mayai. Nikainama, nikamulika. Dume akashtuka, akayala yote.

Kila mfugaji wa kambare anajua kwamba bomba la baba halimulikwi. Mimi nilijua kuliko wote, maana ndimi niliyekuwa nawafundisha wengine.

"Nilikuwa nahesabu tu," nikasema.

"Nilikuwa sijala siku kumi na moja," akasema. "Nilikuwa nimebakiza siku mbili mayai yaanguliwe."

"Niliagizwa na tajiri."

"Tochi ilikuwa mkononi mwa tajiri?"

Alikuwa bado ananipepea maji ya baridi usoni, taratibu, bila hasira. Nadhani kwa mazoea tu. Kama angenitukana ingekuwa nafuu.

"Ilikuwa mkononi mwangu," nikasema.

Tochi ikazimika. Kambare akasogeza mkia wake upande kidogo, na katika upenyo ule akatoka kambare mchanga wa shanga, mdogo kama punje ya haragwe. Akaingia mwenyewe ndani ya ndoo na kufunga mfuniko.

"Mita kumi umelipa," akasema baba yake. "Umbebe anavyopaswa kubebwa."

Sheria ya kubeba naijua. Samaki wa kilindini ana kibofu cha hewa tumboni. Ukimpandisha haraka hewa ile inatanuka, tumbo linavimba, macho yanamtoka. Kwa hiyo ndoo hufungwa kwenye kamba na kupandishwa mita chache kwa siku, na kwa kambare wa shanga safari nzima ni siku nane. Mzamiaji naye ana vituo vyake vya kusimama na kusubiri, maana damu yake nayo imebeba hewa, haitofautiani sana na kibofu cha samaki. Hapo ndipo bei ilipo. Wageni hudhani wananunua madoa.

Ninapanda. Kwenye mita arobaini kuna ofisi, na nje ya ofisi kuna foleni ya mawe. Ninasimama nyuma ya jiwe moja lenye konokono. Baada ya siku mbili zamu yangu inafika. Afisa mwenyewe ni jiwe la kusagia, tena limechoka.

"Anatoka wapi huyo?" likauliza.

"Ufa mmoja, mwamba mmoja, mita hamsini."

"Na wengine wa aina yake wako wapi?"

"Hakuna wengine."

"Andika hivyo."

Likanisukumia karatasi, na karatasi ilikuwa maji. Nikaandika kwa kidole *hakuna wengine*, maneno yakasambaa. Nikaandika tena. Mawe ya nyuma yalisubiri bila kulalamika, ndiyo kazi yao. Ninaandika asubuhi na ninaandika jioni, na kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoyasoma. Mwishowe maji yakayashika. Nilipoyaona yamesimama pale, hakuna wengine, nilihisi uzito kifuani ambao miaka yote ya kufungasha samaki sikuwahi kuuhisi. Niliwahi kuwapandisha wanne wa aina hii ndani ya ndoo moja na kuwaita mzigo.

Jiwe likanigonga muhuri kwenye paji la uso. Kambare mchanga naye akaomba wake, akagongewa mdogo.

"Mita kumi na tano," likasema jiwe. "Nenda polepole."

Kituo cha mita ishirini na tano kilikuwa tangi letu la mwisho. Nilijua kwa sababu ya ufa ulioko kwenye pembe ya kioo, ambao kila mwezi namwambia tajiri. Safari hii nilikuwa ndani yake. Pembeni yangu jike wa shanga alikuwa amekaa juu ya kokoto, sharubu zimetulia, kama mama anayesubiri zamu kliniki. Nje ya kioo, juu ya stuli, alisimama mtu mwenye keni.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Alianza kunyunyiza. Kisha akatikisa bati.

"Radi," nikasema, ili niseme kitu.

"Ni bati," akasema jike.

"Mlijua?"

"Mvua ya kweli ina harufu ya udongo. Hii ina harufu ya mpira wa bomba. Na radi haikohoi."

Yule wa juu ya stuli akakohoa. Nikaona haya kwa niaba yake. Kumbe kipara kimenifika nyuma ya kichwa, hakuna aliyeniambia.

"Kama mlijua ni uongo, mbona ulitaga?"

Maji ya baridi yalitupiga mgongoni, mimi na yeye.

"Alirudi siku arobaini na tatu," akasema. "Hata siku ile aliyokuwa na homa alirudi. Tukasema, huyu anaweza kungoja. Mtu anayeweza kungoja tutamtagia."

"Halafu akaja na tochi."

"Ndiyo," akasema. "Hilo lilituuma."

Nikakaa naye juu ya kokoto mpaka mvua ya keni ikaisha, na nilipotaka kuondoka nikamwomba radhi kwa jina lake la kazini, ambalo ni namba. Akasema mita kumi na tano zimelipwa. Kisha akachungulia kwenye ndoo, akamwambia mwanawe asinisumbue njiani.

Kwenye mita kumi nilirudi kwenye meza ya kufungashia. Safari hii mzigo nilikuwa mimi. Pampu ikaniuliza kama nimekula.

"Hapana," nikasema.

"Siku ... ngapi?"

"Mbili."

"Vizuri. Anayesafiri ... hali."

Hiyo ni kanuni yetu pia. Samaki halishwi siku mbili kabla ya safari, asije akachafua maji atakayosafiri nayo. Pampu ikanitia kwenye mfuko wa plastiki, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, ikaufunga kwa rababendi, ikaandika juu yake upande gani ukae juu. Kambare mchanga alikuwa pajani mwangu ndani ya ndoo. Tukapangwa kwenye boksi jeupe. Ukutani ilikuwepo saa ya kazini, ikionyesha saa saba na dakika ishirini.

Niliijua saa hiyo.

"Ndege inaondoka saa nane," ikasema saa. "Tajiri amepiga simu mara mbili."

"Usinikumbushe," nikasema.

"Ndiyo kazi yangu."

Nitasema ilivyokuwa, kwa sababu kwenye ndoto nilitazamishwa yote kupitia plastiki ya mfuko, na sikuweza kugeuka.

Ilikuwa siku ya nne kati ya zile nane za kupandisha ndoo. Bukuru alishuka asubuhi kuutazama ule ufa, akakaa chini muda mrefu, kisha akapanda, akaichukua njiani ndoo yenye kambare wanne, hadi kituo chake cha mwisho, mita tano chini ya mashua. Ilikuwa wakae pale. Ndoo ingefungwa hapo siku nne zaidi. Yeye angengoja dakika zake zote, ambazo kwa mita tano ni nyingi kuliko vituo vingine vyote. Mimi nilikuwa juu na kamba mkononi. Kamba yetu ina lugha yake. Ukivuta mara moja, unauliza kama yu salama. Ukivuta mara mbili, unamwambia akae. Ukivuta mara tatu, unamwambia kuna hatari mashuani, aache kila kitu apande sasa hivi.

Hatari haikuwepo. Maji yalikuwa yametulia, hata upepo hamna. Ilikuwepo ndege ya saa nane, na maboksi yaliyokwisha kufungwa yakiwa na nafasi ya mifuko minne, na simu ya tajiri iliyolia mara mbili. Nikavuta mara tatu.

Bukuru alipanda pale pale. Hakusita, kwa sababu aliyevuta ni shemeji yake. Kambare wanne walikufa kabla hatujafika ufukoni, matumbo yamevimba, kwa hiyo hata ile nafasi kwenye boksi haikujazwa. Jioni Bukuru alishindwa kusimama kutoka kwenye mkeka. Hospitali walipouliza nini kilitokea, nilisema alipanda mwenyewe. Niliposema mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Mara ya pili ulizoea. Dada yangu Mwavita alinisikia nikilisema, na tangu siku hiyo, akichoka kumwinua mumewe, humwambia: "Si ungengoja tu, Baba Shani. Dakika chache zingekugharimu nini?" Na Bukuru huinamisha kichwa na kusema kweli, mke wangu, ni pupa yangu.

Nimelisikia hilo mara nyingi nikiwa nimekaa pale pale barazani, na kikombe chao cha chai mkononi mwangu.

"Umeona?" ikauliza saa.

"Nimeona."

"Mita tano," ikasema. Rababendi ikakatika yenyewe.

Sasa niko mita tano. Maji ni meupe kwa jua na tumbo la mashua liko juu yangu, karibu sana, hata misumari naihesabu. Naona rangi ya kijani iliyobanduka. Sasa nilielewa kwa nini kituo hiki huharibu watu. Kwenye mita hamsini mtu anakubali kungoja kwa kuwa yuko mbali. Hapa unaiona mashua, unasikia watu wakicheka na vikombe vikigongana, na mwili mzima unakwambia umeshafika.

Nikaivuta kamba. Nilitaka anivute juu. Nikavuta kwa nguvu, mara tatu.

Kamba ikanijibu mara mbili. Kaa.

Nikavuta tena. Ikajibu tena vile vile, bila haraka. Ndani ya ndoo kambare mchanga akakohoa.

"Tumbo langu linaanza kuuma," akasema. "Naomba utulie."

Nikatulia. Nikainua uso kumtazama mwenye kamba. Alikuwa Bukuru. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mashua kwa miguu yake miwili, magoti yamekunjika kidogo, kamba imezunguka viganja vyote viwili kama nilivyomfundisha miaka ile tulipokuwa bado vijana. Nilitazama miguu ile kwa muda mrefu. Maneno yake yalishuka kupitia kamba, yakanifikia kiunoni.

"Shemeji. Umekula?"

Kila ninapofika kwake hunisalimu hivyo, hata kabla sijavua viatu.

"Bado," nikasema.

"Vumilia kidogo. Hapo ndipo pagumu."

"Wewe umekula?"

"Nitakula ukifika. Nimekushika."

Nikakaa. Jua lilizama na kuchomoza mara nne, maana siku zilizobaki za ndoo zilikuwa nne, na mara zote nne nilipotazama juu alikuwa pale pale. Hakubadilisha mkono. Watu wengine mashuani walimwambia amvute tu huyo mtu, ndege inaondoka. Alisema ndege nyingine zitakuja. Wakati mmoja nikaona tone jekundu likishuka taratibu kwenye kamba, nikajua viganja vimechubuka. Nililia. Kulia chini ya maji hakuna faida yoyote, hata wewe mwenyewe huoni machozi, lakini nililia.

"Lipia sasa," akasema kambare mchanga. Alikuwa amekuwa mkubwa, amefika urefu wa kidole cha kati, na madoa yake yote yametimia. "Zimebaki mita tano na hizo hulipwa kwa mdomo."

"Nikisema, ataachia kamba," nikasema.

"Huenda," akasema kambare.

"Na dada yangu?"

"Dada yako hayuko kwenye orodha yangu. Mimi ni kambare."

Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka, yalitoka mapovu, na kila povu lilikuwa na neno ndani yake. La kwanza lilikuwa *shemeji*. Likapanda likiyumba, likafika juu, likapasuka chini ya miguu ya Bukuru. Akainamisha kichwa kusikiliza. La pili lilikuwa *siku ile*. Likapanda nalo. La tatu lilikuwa kubwa, limenijaa kifua kizima, na lilinikwama kooni. Nikalisukuma. Nikaliona likianza kutoka, na ndani yake yamekaa maneno *hakukuwa na hatari*.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shati la Idi lilikuwa kwenye msumari wake, kavu. Kiunoni sikuwa na kamba. Nilijipapasa paji la uso na muhuri haukuwepo, nikajicheka kidogo, nikasema ni uchovu, ni kulala na njaa. Kwa kweli jana sikuwa nimekula chakula cha jioni, lakini hilo nililikumbuka baadaye. Nilikuwa natafuta kandambili chini ya kitanda simu ilipolia.

Alikuwa Mwavita.

"Kaka, shikamoo. Umeamka?"

"Marahaba. Nimeamka. Kuna nini?"

"Ile dawa ya michubuko mnayopaka huko kazini bado unayo? Shemeji yako ameamka viganja vimechunika, vyote viwili. Mstari mmoja umepita hapa katikati, kama wa kamba. Namuuliza umeshika nini, anatazama tu mikono. Na jana nimemlaza mwenyewe, mikono mizima. Uzi wa vyavu haukati hivyo, kaka. Na yeye kamba ameishika lini mara ya mwisho?"

Nilikaa kitandani.

"Mpe simu," nikasema.

Nikasikia magurudumu ya kiti yakipita juu ya sakafu, na Mwavita akimwambia ashike kwa vidole, asishike kwa kiganja. Kisha nikasikia pumzi yake.

"Shemeji," akasema Bukuru.

"Naam."

Akashusha sauti kama mtu anayeona aibu kuuliza.

"Ulifika juu?"

Nilitazama shati ukutani. Lile povu la tatu lilikuwa bado halijatoka.

"Bado," nikasema. "Nimebakiza mita tano. Nakuja huko nizimalize, na Mwavita awepo asikie."

Nikamsikia akimwambia mkewe aongeze kikombe.

"Njoo polepole," akasema. "Nimekushika."